Deli la Buluu

Joto la Januari limeamka kabla yetu.
Saa moja asubuhi bati la jirani linalia kwa kutanuka,
nami niko uani, nasugua deli la buluu
kwa sabuni ya mche na ndimu, mara ya tatu,
maana bado linanuka zamani.

Lilikuwa likibeba kreti nzima, deli hili.
Kila Jumamosi ya joto, Mjimwema,
nililipakia taratibu kama mtoto mchanga.
Lilirudi tupu.
Mimi nilirudi nimebebwa.

Leo ndani mna ukwaju wa jirani yetu Mwanahawa,
uliochujwa mara mbili, tangawizi inauma kwa mbali,
tikiti zima, chupa za maji zilizolala kwenye friza,
na ndizi ambazo binti yangu Tusekile amezihesabu
kama keshia wa benki.

Kwenye pantoni mikono yangu haijui pa kukaa.
Naitia mfukoni, naitoa, nashika chuma cha moto.
Simu inaita. Mbonea.
"Kaka, tuko palepale, kiti chako tumekilaza."
Nyuma yake nasikia chupa zikibusiana.
Namwambia niko kwenye dozi.
Wiki ya tisa. Sijui hata kama ni uongo.
"Dozi ya nini?"
Na mtandao, Mungu ni mwema, unakatika.

Tunaipita meza ileile, chini ya makuti yaleyale.
Mhudumu kanijua, keshaanza kufungua kizibo kwa macho.
Natikisa kichwa. Kiti ananipa hata hivyo:
"Kiti bure, mzee, kwa asiyetapika."

Ndipo Tusekile akauliza:
"Baba, kuogelea unajua?"

Najua nini mimi?
Miaka kumi na mmoja nakuja ufukwe huu.
Nazijua bei zote, na zilivyopanda.
Nakijua choo, na msumari wa mlango wake.
Najua kivuli kinahama saa ngapi
kutoka mguu huu wa meza kwenda ule.
Lakini bahari naijua kwa kuitazama tu,
kama mtu anayejua pilau kwa harufu ya kwa jirani.

Maji yanajaa, yana uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa.
"Lala, baba. Lala kama kitandani. Nimekushika."
Kiganja cha miaka tisa
chini ya mgongo wa kilo tisini.
Nazama. Nakohoa chumvi.
Vijana wa Kibada wanaacha mpira wao wanicheke vizuri,
mmoja anapiga mluzi.
"Usikaze shingo! Bahari haitaki ubishi."
Nazama tena.

Mara ya nne, au ya tano, masikio yakaingia maji,
kelele zote za Mjimwema zikafungwa kama mlango,
nikasikia pumzi yangu peke yake,
inakwenda, inarudi,
haidaiwi na mtu.
Nikaelea.
Kidogo tu. Kama kuhesabu hadi kumi na mbili.
Mkono alikwishautoa, sijui tangu lini.

Tikiti tukalitoa, kisu tumesahau.
Kwenye kimfuko cha pembeni cha deli
kilikuwamo kifungulio changu cha zamani, kimeshika kutu.
Tukalitoboa tikiti kwa hicho, kwa zamu,
tukalipasua kwa goti, tukala hadi masikioni,
na vijana wa mluzi wakaja na mpira wao
kudai fungu.

Saa kumi, jua lilipolegea,
kiu ile ikaja, ikakaa karibu nami kwa adabu
kama mgeni anayejua hakualikwa.
Sikuifukuza.
Niliimiminia ukwaju.
Ikakaa muda mrefu, nisikudanganye.

Kwenye pantoni ya kurudi
Tusekile alilala begani mwangu, nywele zimejaa chumvi,
deli mkono huu, mtoto mkono ule.
Mikono ikapata pa kukaa.

Usiku nalisuuza tena deli, uani.
Harufu bado ipo, kidogo.
Chini kumebaki mchanga, kifungulio,
na mbegu tatu nyeusi.
Mbegu nimezitia kwenye kopo la udongo.
Kifungulio nimekishika tu,
sijaamua.