Ajipatapo

Mtu hujikuna ajipatapo, walisema waliotangulia.
Hawakusema afanyeje anayejipata kila mahali:
kiwiko cha kushoto, na cha kulia kikiiga,
goti na goti, kisogo, makalio,
pande mbili sawasawa
kana kwamba kuna fundi aliyenipima kwa futi
kabla ya kunishonea upele.

Saa tisa za usiku Mbale hulala.
Mlima Wanale hujifunika ukungu hadi shingoni.
Mimi hukaa ukingoni mwa kitanda
na kitambaa kilicholowa maji ya mtungi,
nabandika, nabandua, nabandika,
nikizikataza kucha
kama mama amkatazaye mtoto jiko.

Mwaka na miezi saba sijala chapati.
Sijala mandazi ya matangani.
Keki ya harusi ya Nambozo niliishika kwenye karatasi
nikampa mtoto wa watu,
na wifi akamnong'oneza mwenzake kwamba najivuna.
Nakula matoke. Nakula kalo ya wimbi,
malewa kwa mchuzi wa karanga,
viazi, hata vile vya jana vilivyopoa.
Daktari alisema adui ni ngano, mwache.
Nimemwacha.
Yeye hajaniacha.

Kwenye duka la dawa, karibu na stendi,
kijana alisoma karatasi, akanyamaza,
kisha akahesabu vidole vyangu kwa macho.
Vyote kumi vipo, nikamwambia.
Dawa ya ukoma ina wagonjwa wengine pia.
Chenji aliiweka juu ya kaunta,
si mkononi.

Sista Akiteng hunitoa damu kila mwezi
aone kama dawa nayo hainili.
"Ngozi ina kumbukumbu ndefu," husema.
"Umefunga mlango, sawa,
lakini wageni wa juzi wako ndani bado,
wanamalizia chai."
Sista, chai hiyo nimeichemsha mara ngapi?

Upele umenifanya mpelelezi.
Nilikamata chekeche la marehemu mama,
lililochekecha ngano ya Wambede asubuhi
na wimbi langu jioni.
Nikakamata mwiko. Nikakamata mashine ya Mudoma
inayosaga cha kila mtu bila kuuliza jina.
Nikanunua vyangu, nikavifunga utepe mwekundu.
Wiki tatu za amani!
Nilikwenda sokoni na mikono mifupi, jua likanipiga, nikaliacha lipige.
Kisha kiwiko kimoja kikaamka,
na cha pili kikaitika.

Jana Wambede alirudi kutoka kibandani:
chapati mia mbili na arobaini, mayai trei tano,
ada ya Khainza imetimia hadi muhula wa pili.
Alivua shati, akalikung'uta pale mlangoni,
na taa ya sola ikauonyesha
unga, ukielea, mwepesi,
mzuri kama ule ukungu wa mlimani,
ukitua kwenye sufuria, kwenye mto wangu,
kwenye kope zake.

Tuliuona wote wawili.
Hakuna aliyesema.
Mikono ile ndiyo iliyonishika nilipojifungua.
Unga ule ndio unaolipa dawa ya unga.

Leo amepeleka ndoo na sabuni nyuma ya nyumba
bila mtu kumwambia.
Namsikia akijimwagia gizani,
akiguna kwa baridi, akisugua
hadi chini ya kucha.
Shati ameliacha kwenye kamba, nje, peke yake.
Ataingia akichuruzika maji,
na sijui kama itatosha.

Nimemsogezea shuka upande wake.
Tangu alipoinua kopo la kwanza
nimesahau kujikuna.

Hapana.
Nimekumbuka.