Wiki Nane, Newala

Barua kumi na sita, zote kwa mkono,
na muhuri wa idara uliochoka wino.
Benki haikujibu. Kiwanda cha saruji kilisema "tutakupigia,"
nikalala na simu kifuani wiki mbili.
Wenzangu walikuwa na wajomba maofisini.
Mimi nilikuwa na bando la kuungaunga
na anuani nilizonakili ubaoni
wenye haraka walipokwisha ondoka.

Ya kumi na saba niliipeleka kwa miguu yangu,
ofisi ya maji, Newala.
"Una miadi?" mlinzi akauliza.
Nina barua.
"Barua wanazo wengi. Kaa hapo."
Nikakaa. Saa nne. Saa sita. Saa nane
akatoka mama mmoja, buti za mpira, spana mfukoni,
akaisoma yote, hata tarehe, akasema:
"Karatasi haichimbi. Wewe je?"

Posho hakuna; aliniambia mapema, sikudanganywa.
Nililala kwa binamu wa rafiki, kati ya magunia matupu ya korosho.
Julai ya huko juu inauma,
ukungu unaingia ndani bila hodi.
Asubuhi ming'oko na chai ya rangi, kisha kazini.

Wiki ya kwanza nilisoma mita.
Wiki ya pili nilisoma mita.
Kitabuni nikaandika: "Leo nimesoma mita,"
nikaona aibu, nikaongeza: "kwa umakini."

Wiki ya tatu nilifunga valvu siyo.
Zahanati ikakauka tangu alasiri hadi isha.
Fundi Somoe Nandonde hakunifokea.
Alinituma mlango kwa mlango, mtaa mzima,
niseme kwa mdomo wangu: ni mimi.
Mlango wa tisa, bibi mmoja akanipa kiti
kwanza, ndipo akanitukana.

Kisha usiku, saa saba, mji umelala,
Fundi akanipa fimbo ya chuma:
ncha kwenye bomba, kichwa cha mbao sikioni.
"Unasikia nini?"
Maji, nikasema, upesi, kama mtu wa mtihani.
"Hiyo damu yako. Tulia. Ngoja ipite."

Usiku wa kwanza, damu. Wa pili, damu na mbwa.
Usiku wa nne, chini ya njia ya sokoni,
kitu kama mafuta yanakaanga nyumba ya tatu.
Nilinyoosha mkono tu.
Tukachimba: mchanga mwekundu, kisha tope,
kisha yenyewe,
yaliyopandishwa kutoka bondeni kwa umeme wa kulipia,
yakapita mbele ya mlango wa mama
anayeamka saa kumi kupanga ndoo,
yakaingia ardhini bure.
Darasani tuliyaita "maji yasiyo na mapato,"
mstari mmoja kwenye jedwali. Nilipata B.
Pale yalikuwa baridi hadi magotini.

Msimamizi wa chuo alikuja wiki ya saba,
dakika kumi na mbili, injini ikiunguruma.
Aliuliza kama navaa kitambulisho.

Siku ya kuondoka Fundi hakuhutubu.
Alisaini, akaandika kwenye nafasi ya maoni:
"Anasikia." Akanidai glavu zake.

Sasa ripoti imerudi, wino mwekundu pembeni
pale niliposema tobo lilikuwa wapi:
"Chanzo cha taarifa?"
Nimetafuta katika mwongozo wa marejeo.
Kuna namna ya kunukuu kitabu, gazeti, hata hotuba.
Sikio halimo.
Benki nayo imejibu leo: inasikitika.

Ni usiku bwenini, wenzangu wamelala.
Nimeegemeza kichwa ukutani.
Kwanza damu. Naiacha ipite.
Ghorofa ya pili, kushoto mwa ngazi,
panavuja.