Kumbukumbu za Kikao

Mwandiko ni wangu. Wino wa buluu,
kalamu ya bure ya benki iliyokwisha kufa.
Februari, Minnesota, chumba cha chini ya kanisa la Kilutheri,
bomba la joto likigonga ukutani
kama mtu aliyefungiwa nje.

Waliohudhuria: thelathini na wanne.
Waliotoa udhuru: wawili, mafua.
Ajenda ya kwanza, mauzo ya bisi.
Ya pili, mtumbwi uliotoboka.
Ya tatu, Duane Kivisto.

Duane aliyewafundisha wavulana wetu kusoma barafu:
nyeusi hubeba, nyeupe hudanganya,
na usiiamini hata nyeusi, mwanangu,
toboa kwa kekee, pima kwa vidole,
ndipo uweke mguu.
Miaka kumi na mmoja ziwani, hakuzama hata mmoja.

Ila alikuwa akiishi na Raymond, mrekebisha piano,
nyumba moja, kitanda
(hatukusema kitanda, tulisema "mambo yale"),
na barua ya makao makuu ilikuwa na muhuri.

Bev Zupancic alisimama, mkoba kifuani:
"Mimi sina chuki na mtu. Lakini watoto kwanza."
Tukapiga makofi. Nami nilipiga,
kalamu nikiibana kwa meno.

Duane hakujitetea.
Aliomba jambo moja liandikwe:
mtu mzima asikae na mtoto peke yake,
si hemani, si garini, si kwenye kutafuta kuni,
awe mimi, awe mchungaji, awe baba wa watoto sita.
Wawili, daima wawili.

Ndipo Merle Grahek, baba wa watoto sita,
akacheka kile kicheko chake cha kupendeka:
"Jamani, tutaanza kushukiana sisi kwa sisi?"
Chumba kizima kikacheka naye.
Nikaandika: Hoja haikuungwa mkono.
Nikapigia mstari kwa rula, nadhifu kabisa.

Ishirini na tisa kwa wanne. Mmoja hakupiga kura.
Duane akavua filimbi shingoni,
akaifuta kwa shati, akamkabidhi Merle.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia.
Sisi tulipekua nguo za jirani,
tukazikunja, tukamwekea mlangoni,
tukaenda kulala.

Kiangazi cha pili Corwin wangu alichoma skafu yake
ndani ya pipa, nyuma ya gereji.
Nilimkaripia juu ya bei.
Dola tisa, nilisema. Dola tisa!
Akanitazama kama mtu anayepima
unene wa kitu,
kisha hakuweka mguu.

Walipokuja polisi wa wilaya, miaka sita baadaye,
majina yalikuwa manane. La mwanangu la tano.
Watu wakasema, nani angejua?
Mimi nilikuwa na jibu. Lilikuwa ukurasa wa tatu,
kwa wino wa buluu.

Siku moja, duka la vifaa, nikamkuta Duane
akichagua meno ya kekee.
Mvi tupu. Hakusema niliwaambia.
Aliuliza, "Corwin hajambo?"
nami nikamjibu kwamba theluji imechelewa mwaka huu.

Jana usiku nimelitoa daftari.
Kumbukumbu zikishathibitishwa hazibadilishwi,
ndivyo katiba yetu isemavyo.
Nikaisoma hoja yake kwa sauti, jikoni, neno kwa neno,
nikanyoosha mkono.

Corwin, ambaye sasa ana ndevu,
akapita kuchukua maziwa kwenye friji,
akauliza nampungia nani.