Mpaka Ikwambie

Ibra, mwezi wa kwanza, baada ya Isha.
Alfajiri maji ya falaji yalitoa moshi kama chai.
Nyumba ina vyumba tisa, sote tumo kimoja.
Hita ya umeme tuliyoinunua Maskati
imeshazima taa mara mbili tangu magharibi,
na Harithi, fundi wa kujitangaza,
yuko nje, tochi mdomoni, anaitukana fyuzi.

Mama hana habari naye.
Kaleta ndani jiko la gesi la safari,
kakaa kigodani, miguuni soksi za marehemu baba,
shali mbili, ya pili ya kuifunga ya kwanza,
anakoroga.

Mifupa ya mbuzi imeingia tangu alasiri.
Ngano ya kutwanga imenuna, imefura, imekubali.
Ndimu kavu nne, nyeusi, nyepesi kama vifuu vitupu,
zinazama, zinaelea, zinazama tena,
kama watoto walioambiwa wakalale.
Binzari nyembamba, pilipili manga,
kitunguu thomu bila hesabu.
"Kiasi gani, Mama?" Nauliza kila mwaka, kalamu mkononi.
"Mpaka ikwambie."
Nimeandika: mpaka ikwambie.

Kwao Wete, baridi aliijua kwa jina tu,
kama umjuavyo mkwe wa jirani.
Akaletwa hapa, bibi harusi wa miaka kumi na tisa,
Disemba, na doti moja ya kanga, na meno yanayogongana.
Mama mkwe hakujua Kiswahili.
Kiarabu cha Mama kilikuwa cha chuoni,
na katika sura alizohifadhi hapakuwa na "nipe mwiko."
Basi wakasemezana kwa mwiko wenyewe:
mmoja aonje, mwenziwe amtazame usoni.
Siku moja mkwe katoka kwenda kufua,
Mama akafungua sanduku, akatoa nazi yake ya mwisho
iliyosafiri naye katikati ya nguo za fungate,
akaikuna, akakamua, akatia tui zito.
Bibi akarudi. Akaonja. Kimya.
Akaonja tena. Kimya.
Kisha akalisogeza mbele bakuli tupu.

Tangu hapo supu ya nyumba hii ina tui.
Majirani wanasema tumeiharibu
na kila baridi ikikaza
wanatuma watoto na vyombo.

Simu inalia. Muhanna, wa Uswidi.
Anatuonyesha dirisha lake, nje kweupe pepepe.
"Nyuzi kumi na moja, nanyi mmejigubika hivyo!
Huku kwetu ni kumi na nane chini ya sifuri!"
Tunacheka. Anacheka.
Mama ameisikia ile "kwetu."
Anainama, anapunguza moto,
ingawa moto ulikuwa sawa.

"Bi Ghaniya yuko wapi? Harithi je? Mmepika nini?"
Tunamwambia.
Ananyamaza kidogo, anajikuna ndevu.
"Hebu niwekeeni simu karibu na sufuria."
Raiyani anageuza kamera aione.
"Hapana. Picha zimeni.
Nataka kuisikia."

Mtoto anaishika simu kwa mikono miwili juu ya mvuke,
kioo kinafanya ukungu,
na supu, isiyojua kama inasikilizwa na nchi ya mbali,
inaendelea na maneno yake:
toko, toko,
kimya kifupi,
toko.

Hakuna anayesema.
Hata shangazi Ghaniya, ambaye husema usingizini,
ameufumbata mkate wa ufuta bila kuumega.
Nasikia upande wa pili pumzi,
halafu kijiko, nadhani, kikigusa kikombe,
au labda ni meza tu.

Taa zinawaka ghafla. "Imerudi!" Harithi anapiga kelele uani,
anangoja sifa zake, hazimfikii.
Tunafinya macho kwa mwanga.
Tunaonana tulivyo: pua nyekundu, mablanketi, nywele ovyo.

Mama haangalii simu.
"Bado yupo?"
"Yupo, Mama."
"Mwambie ngano haijaiva vizuri.
Asikate."