Wanakuja Saa Nne

Lwaboshi, komisionere, alipita jana na viatu vyake vyeupe,
akasimama mlangoni kama daktari asiyetaka kugusa mgonjwa.
"Mama Masika," akasema, "toa kila kinachosema mliishi hapa.
Mnunuzi anataka kujiona yeye, si kukuona wewe."

Nikaanza na kalenda ya parokia.
Mwaka wake ulikwisha zamani, lakini ilikuwa na kazi.
Nilipoishusha, ufa ukanitazama,
ule wa matetemeko ya Mei, uliopanda kutoka dirishani
ukafika karibu na dari, ukachoka.
Nikauziba kwa kopo la saruji niliyoomba kwa jirani,
nikapaka rangi ya maziwa.
Imekauka, imekuwa mtindi.

Bidoni nane za maji zimeletwa kwa chukudu,
zote zimeishia sakafuni.
Vumbi la makoro ukilifagia
linahama chumba, halihami nyumba.
Mbabula nimeificha kwa jirani.
Sombe ya Jumapili bado imo kwenye mapazia,
nimechemsha mchaichai, sasa panaukia sombe na mchaichai.

Mlango wa chumba cha watoto
haukufunguka kamwe bila kuinuliwa kwa goti.
Nimeupaka sabuni kwenye bawaba.
Leo umefunguka kimya, nikashtuka,
kama mtu wa nyumbani aliyeacha kugomba.

Masika ametuma ujumbe kutoka Kampala:
*Mama, usiwaambie habari ya jikoni.*

Jikoni.
Mto wa moto uliposhuka ile Januari
tulikimbilia Gisenyi na godoro na redio.
Tuliporudi Murara tulikuta pembe ya bati letu tu,
inachungulia kwenye jiwe, na jiwe bado linachoma nyayo.
Bauma akalizunguka mara mbili.
"Haya," akasema, "msingi tayari tunao."
Akajenga juu yake.
Huko chini kuna kitanda chetu cha kwanza,
sufuria tatu, cherehani ya mama yake,
na mbuzi aliyefungwa kambani
ambaye kila mmoja wetu alidhani mwenzake amemfungua.

Saa nne wamekuja saa sita.
Mume na mke, wauza vitenge.
Mume akagonga kuta kwa kidole kama anayenunua chungu.
Mke akafungua bomba.
Bomba likakohoa, likanyamaza.
Lwaboshi naye akakohoa.

Jikoni mume akapiga kisigino sakafuni.
Akapiga tena, akasikiliza.
"Chini kuna nini?"
Lwaboshi akaanza kusifu dari.
"Nyumba," nikasema.

Mume akacheka mpaka akashika mlango.
"Sasa mnauza zote mbili kwa bei moja?"
Mke hakucheka.
Aliinua mguu mmoja taratibu, kisha wa pili,
kama mtu aliyegundua amekanyaga mkeka wa wenyewe
na viatu.

Watafikiri, wamesema. Watapiga simu.
Lwaboshi ameondoka bila kuniaga;
amekanyaga dimbwi pale langoni, Mungu anisamehe, nimefurahi.

Na sasa jioni.
Nimeketi katika salo yangu, mikono magotini,
kama mgeni anayengoja mwenye nyumba aje amkaribishe.
Pasafi hivi! Mwanga unafika hadi pembeni
palipokaa magunia ya makala.
Kumbe ukisogeza kabati, dirisha hili linaona ziwa,
kipande tu, upana wa leso,
kati ya paa la jirani na mnara wa simu.
Miaka ishirini na kitu kabati lilisimama hapo.
Bauma amekufa hajui kwamba alikuwa na ziwa.

Kabla ya giza nimerudisha mbabula.
Kalenda nimeiacha imeviringishwa.
Kabati nalo
nimeliacha lilipo.