Saba Mara Nane

Jumatatu ya kwanza nilijifanya mwalimu.
Nilivaa shati la mikono mirefu, nikagonga sufuria kwa kijiko,
nikaandika kwenye mlango wa kabati
jedwali la saba, kutoka juu hadi chini.
Mukhwana akatazama. Nambozo akatazama,
kisha akaomba ruhusa ya kwenda msalani
akarudi saa sita.

Sikumlaumu.
Mimi mwenyewe saba ilinikuta darasa la tatu
na fimbo ya mwalimu ilikuwa ndefu kuliko jibu.
Hadi leo nikipima kiuno cha mteja
vidole vyangu huhesabu kwa siri nyuma ya tepu.

Jumanne mvua ikashuka kutoka Wanale bila hodi,
chaki ikalowa,
na kopo la vifungo likapinduka.
Nani kalipindua? Wote wawili wakamtaja paka.
Vifungo vikatimka chini ya cherehani, hadi barazani.
"Okoteni," nikasema. "Shati moja, vifungo saba.
Nani atanimalizia mashati mengi?"

Wakaokota kama kuku waliomwagiwa mtama.
Shati la kwanza, saba. La pili, kumi na nne.
La tatu, Mukhwana akaiba kifungo cha dada yake
na katika ugomvi ule
nikasikia ishirini na moja ikitamkwa mara nne kwa hasira.
Nikainamia pindo la sketi ya mtu, nisionekane nikicheka.

Tangu hapo kabati limerudi kuwa kabati.
Chapati ya asubuhi hukatwa nusu, nusu hukatwa robo,
na anayekosea jina la kipande hula kwa macho.
Jioni tunatoa ubao wa omweso,
safu nne, mashimo manane manane.
Mukhwana ana miaka mitano;
amenifunga mara mbili kwa haki
na mara tatu kwa wizi uliohitaji hesabu kubwa zaidi.
Ijumaa vizibo vya soda huwa pesa, Nambozo huwa duka:
"Nanasi elfu tatu, baba. Umenipa elfu mbili na mia tano.
Usinichekee. Lete mia tano."

Jirani hupita na kuuliza, "Watoto hawasomi leo?"
Mama yao hupiga simu kutoka wodini Kapchorwa:
"Nionyeshe madaftari."
Madaftari ni meupe kama kanzu ya Idi.
Nageuza simu, namwonyesha vifungo.
Ananyamaza kidogo. "Vingapi?" anauliza,
na watoto wanamjibu kabla yangu.

Shule ilituacha njiani, au sisi tuliiacha:
selimundu haina ratiba,
na siku za kitanda zilizidi siku za dawati.

Juzi usiku mifupa ilimwamsha Nambozo.
Umeme ulikuwa umekatika. Nilimpa dawa, nikampa maji,
nikamfunika magoti kwa kitambaa cha moto
nikabaki sina kingine cha kumpa.
"Niulize," akasema.
"Nikuulize nini, mama?"
"Za saba."

Tukaanza chini, penye vifungo vichache.
Alijibu meno yakiwa yameumana,
akipumua katikati ya namba na namba.
Saba mara sita. Saba mara saba.
Saba mara nane
ikachukua muda, nikadhani amelala.
"Hamsini na sita," akasema. "Endelea."

Sikuendelea mara moja.
Nilikuwa nahesabu vidole gizani
nijue kama amepata.