Nimekirudisha, Mwasiti

Nimekimaliza kitabu chako, Mwasiti.
Jana usiku Segerea umeme ulikatika,
kurasa za mwisho nikazisomea tochi ya simu
mpaka simu nayo ikazima, ikanibakizia aya mbili
nilizozimalizia asubuhi, nimesimama, mswaki mdomoni.

Usiniulize kama ni kizuri.
Ni kitamu.
Kitamu na kizuri si ndugu wa tumbo moja.

Huyo Lutfia na Kheri wake, walioachana miaka saba,
wanakutana kwenye lifti ya ghorofa moja pale Posta.
Lifti inakwama. Haya, ikwame, lifti hukwama.
Lakini mtalaka wako akikuona hutazama kwanza viatu,
nawe ndipo unakumbuka kisigino kimelika upande.
Mwandishi amewapa machozi dakika ya pili!
Mimi na Sefu tulikutana Buguruni, dirisha la dawa,
tukazungumza bei ya mchele
kama watoto wawili waliotumwa dukani na mama mmoja.

Na friji alichukua nani?
Kurasa mia tatu, hakuna sufuria iliyogombewa,
hakuna wifi aliyekuja na Kirikuu kupakia kabati
huku ananiambia pole, shemeji, ndiyo dunia,
na mkono wake mmoja umeshika pazia langu.

Ila ukurasa wa mia na kumi na mbili
nimeukunja pembe, nisamehe.
Pale Kheri anapoagiza chai mbili
na bila kufikiri anamwambia mhudumu:
"Ya huyu msitie iliki."
Kisha wote wawili wananyamaza.
Neno mapenzi halimo, nimelitafuta.
Nikakilaza kitabu kifuani
nikabaki naitazama feni, nayo haizunguki.

Mwisho wake siuamini.
Wanarudiana, ukumbi Sinza, keki ya ngazi nne,
na mashangazi wote wanapiga vigelegele,
hakuna hata mmoja anayeguna.
Mashangazi wa wapi hao?
Wa kwetu wangeanza kuguna kwenye kadi ya mchango.

Nilikuwa nikuandikie haya tu, niishie hapo.
Lakini mchana nimenunua umeme wa elfu tano,
ujumbe ukaingia na tarakimu zake ishirini
na juu yake jina, kama kila mwezi:
SEFU M. KINGWANDE.
Mwaka wa nne huu. Mita bado inamtambua yeye.
Kubadilisha ni foleni ya asubuhi moja,
kitambulisho na barua ya mjumbe.
Barua ninayo, imeanza kupauka kwenye droo.

Kitabu nimekiacha kwa Hiari wa duka la vocha,
nimekifunga gazeti, usije ukasema nimekichafua.
Ule ukurasa nimejaribu kuunyoosha kwa pasi, haukukubali.

Kama mwandishi huyo ana kingine,
hata kama na hicho lifti inakwama,
niletee.